Kilo za Dawudi

Katika karakana ya Tarcisio kule Nakawa, stendi ya amplifaya haikuuzwa mpaka Dawudi aikalie. Sheria hiyo ilianza siku mchungaji mmoja aliposimama pale akitikisa kichwa, akauliza nani atamhakikishia kwamba miguu minne ya mbao itabeba mashine iliyowashinda yeye na mashemasi wake wawili kuinyanyua. Tarcisio hakuwa na cheti cha kuonyesha. Alikuwa na Dawudi. Akamwita, akamwambia akae, na Dawudi akakaa na mwili wake wote, akajitikisa kushoto, akajitikisa kulia, akanyanyua miguu juu kama mtoto kwenye bembea. Stendi haikutoa hata mlio. Mchungaji akanunua mbili.

Siku hiyohiyo walimpeleka sokoni kwenye mizani ya wauza maharage, na mizani ikasema kilo mia moja na kumi na nane. Tarcisio akaziandikisha kwa rangi nyekundu kwenye kibao cha barabarani. Tangu hapo kila stendi iliyotoka mkononi mwa fundi, Dawudi aliikalia, akatikisika, kisha akaandika jina lake kwa penseli chini ya ubao wa juu. Wapiga gitaa, watu wa muziki wa harusi, makanisa, wote walikuwa wakija na swali moja: hii Dawudi ameikalia?

Na mwenyewe, tusimsitiri, alipenda. Kazi yake ya asili pale ilikuwa msasa na vanishi, kazi ya kula vumbi isiyo na sifa. Wanaume wa ukoo wake, wazao wa wale askari wa Kinubi wa enzi za Waingereza, walikuwa watu wa kujaza mlango, na yeye tangu utoto alitaniwa kwa unene wake kila alikopita. Sasa unene huohuo ulikuwa unawalisha watu sita. Utamlaumu akitembea kifua mbele?

Basi mwaka jana, baada ya Idi, ikaanza kiu. Anakunywa maji, anakojoa, anakunywa tena. Zahanati ya Bukoto, karibu na kwake, ikampima na kumwambia ni kisukari. Mwili ukaanza kumwondoka. Kaltumi, mkewe, alizipunguza suruali zake kwa cherehani, akazipunguza tena, na mara ya tatu akaiweka suruali mezani bila kuishona.

"Baba Tamim, ambia watu wa kazi. Mficha maradhi kilio humuumbua."

"Nitaambia."

Hakuambia. Alivaa sweta chini ya ovaroli. Kisha sweta mbili. Zilipofika tatu alikuwa akishinda na jasho mgongoni kutwa nzima, lakini ovaroli ilijaa, na anayekuona kila siku ndiye wa mwisho kukuona. Siku moja Tarcisio alimwambia uso wake umepungua. Akajibu kwamba anafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Hata mwizi wa kuku hamsingizii Mungu funga ambayo hakufunga, lakini Dawudi alifanya hivyo, tena mchana, mdomo ukiwa bado na harufu ya chai.

Kwenye mizani ya zahanati alikuwa kilo sabini na sita.

Mtengenezaji wa stendi alikuwa Mugisho, seremala wa Bukavu aliyekuja Kampala kama wakimbizi wengine wa Kongo, na randa yake kwenye mfuko wa shule. Mikono yake ilikuwa mizuri mno. Mwaka huo makanisa yalitaka stendi nyepesi za kubebeka kwenye mikutano ya viwanjani, na Mugisho akaanza kuzipunguza miguu. Hakuwa na kitabu cha kumwambia aishie wapi. Kipimo chake kilikuwa Dawudi.

"Yaya, kaa," alisema, kwa sababu kwao Bukavu mkubwa wako ni yaya. Dawudi alikaa, akatikisika. "Haijalia. Nipunguze tena?"

"Punguza."

Mara nne aliulizwa, na mara nne alijibu hivyohivyo. Mara ya nne alisikia kitu chini yake, si mlio, ni kama stendi imevuta pumzi. Alijua. Chini ya Dawudi wa zamani miguu ile ingekwenda upande palepale. Alikaa pale juu akihesabu nani anamtazama, kisha akashuka, akachukua penseli na kuandika jina lake.

Stendi hiyo ilinunuliwa na kanisa la Wakongo kule Luzira, kanisa la Mugisho mwenyewe. Jumapili ya pili, katikati ya wimbo, mguu mmoja ulivunjika na amplifaya ya besi ikamwangukia Hortense, mwongoza kwaya, kwenye mguu wa kulia. Mfupa ulivunjika mahali pawili.

Jumatatu asubuhi Tarcisio alikuwa na vipande vya stendi mezani, na Mugisho mbele yake.

"Hii kitu imeua sisi! Mimi nilisema nyepesi, hapana sema kijiti ya kuchokoa meno!"

"Ni kosa yangu, patron. Nilipunguza miti sana."

"Wewe kaa nyumbani. Wiki mbili. Mimi nataka fikiri kama utarudi."

Dawudi alikuwa hatua tano kutoka pale, na msasa mkononi. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni mwake, fupi, maneno matatu tu: mimi ni mgonjwa. Aliimeza. Alijiambia atamwambia Tarcisio peke yake, jioni. Jioni alijiambia Jumanne. Jumanne mteja alikuja kutaka stendi mbili, Dawudi akaambiwa akae, akakaa. Hapo ndipo aliponiudhi kabisa, mimi ninayewasimulia. Woga wa siku moja nauelewa, hata mimi ninao. Lakini kukaa tena, na sweta zilezile, huku mwenzako amelala nyumbani kwa kosa lako, na mwanamke amefungwa mguu!

Usidhani alistarehe. Chakula kilimshinda. Kwenye swala alikuwa anasahau rakaa, na kila alipoinama aliiona stendi. Kulikuwa na stendi nyingine sita zilizotoka na miguu ile myembamba, na jina lake chini yake, na hakujua ziko wapi. Jioni akisikia muziki wa harusi mitaa ya jirani, alisimama kusikiliza kama utakatika. Kaltumi aliuliza mara moja tu, "Umeambia?" Alipotingisha kichwa, mkewe akamwekea dawa na maji, akageukia mambo yake.

Siku ya kumi, Jumatano, Mugisho alitokea karakana na stendi kichwani. Aliitengeneza kwake, kwa mbao za mvule, miguu minene kama mihimili ya daraja. Aliitua mbele ya Dawudi, akafuta jasho.

"Yaya, hii ni ya kanisa. Nawapatia bure. Lakini batu ya kanisa hawataki kitu yangu tena, mpaka wasikie wewe umeikalia." Akainamisha kichwa. "Na tena unisamehe. Jina yako njo ilikuwa chini ya ile stendi. Nimekuchafulia jina."

Dawudi alimtazama. Alikuwa amejitayarisha kwa matusi, kwa ngumi, hata kwa polisi. Kwa hili hakujitayarisha. Mtu ambaye yeye ndiye aliyemponza anamwomba msamaha, mchana kweupe, na vidonda vya randa viganjani.

"Kaa, yaya."

Dawudi hakukaa. Alifungua vifungo vya ovaroli, akaishusha hadi kiunoni, akavua sweta ya kwanza, ya kijani. Akavua ya pili. Ya tatu ilinata kwa jasho, akaivuta kwa nguvu. Msumeno ulinyamaza. Kilichobaki ni fulana na mbavu, na mabega yaliyobaki na upana wao wa zamani bila kitu cha kuyajaza.

"Mimi niko na sukari," alisema. "Toka Idi ya mwaka jana. Ile kilo ya kibao imeisha. Mimi niko sabini na sita. Mugisho hana kosa. Yeye aliuliza mimi, na mimi nilisema punguza. Ile ya mwisho nilisikia inataka vunjika. Nikaandika jina."

Tarcisio aliokota sweta moja, akaigeuza huku na huku.

"Kumbe mwaka mzima sisi tunapimiwa na sweta!"

Mmoja wa mafundi alicheka, akaona hakuna mwenzake, akaacha. Tarcisio alitukana kwa Kiacholi, kisha kwa Kiswahili ili Dawudi asikose kitu. Akataka daftari, akataka namba za simu za wateja wote, akasema stendi zote sita zirudishwe kabla ya Ijumaa na Dawudi atazibeba mwenyewe. Akamwambia pia kwamba akome kuwa mjinga, aende akatibiwe, kazi ya msasa haihitaji kilo. Hilo la mwisho lilimuuma Dawudi kuliko matusi yote, maana ndilo aliloliogopa mwaka mzima, kurudi kuwa mtu wa msasa tu, na lilikuwa limepita kwa sentensi moja tu.

Mugisho alikuwa amekaa juu ya stendi yake mwenyewe, mikono magotini.

"Mara ine," alisema mwishowe. "Nilikuuliza mara ine."

"Najua."

"Mimi nimebeba hii siku kumi. Bibi yangu anajua nilivunja mama ya watu mguu. Watoto wanajua." Akanyanyua uso: "Usiniambie mimi. Wende Luzira, umwambie Hortense. Yeye anasema ni Mungu alimupiga."

Dawudi alikwenda adhuhuri hiyohiyo, bila sweta, na ovaroli ikimpepea mwilini. Kwa Hortense kulikuwa na chumba kimoja, pazia la maua, na harufu ya sombe, majani ya muhogo, kutoka jikoni nje. Alikuwa kwenye kochi, mguu umefungwa plasta hadi gotini na kuwekwa juu ya debe lililopinduliwa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, na sauti iliyokauka, haikufanana na sauti ya mtu anayeongoza kwaya.

Dawudi alijitambulisha, akasema yote akiwa amesimama. Kisukari, sweta, kujitikisa juu ya stendi, penseli. Hakuacha kitu. Alishangaa jinsi yalivyotoka haraka mara hii ya pili, na alipomaliza alihisi kifua kimefunguka kidogo, akaionea haya nafuu hiyo.

Hortense alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni miti tu," alisema. "Miguu ilikuwa nyembamba, ikavunjika."

"Ndiyo, mama. Ni mimi. Si Mugisho, si Mungu."

"Wewe ulijua siku gani?"

"Ile siku niliandika jina nilijua. Na waliposema imevunjika, Jumatatu, nilijua kabisa."

Hortense alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu siku kwa vidole.

"Mimi nililala hapa, nikafikiria. Nikasema, kati ya batu wote wa kwaya, kwa nini mimi? Kuna kitu nilimuficha bwana yangu. Miaka kumi na moja. Kilikuwa kimekufa, hakuna mutu alikijua. Nikasema Mungu amekitafuta na amekipata." Alivuta kanga juu ya goti. "Basi njo nikamwambia. Jumamosi nilimwambia."

Dawudi alitazama ukutani. Palikuwa na misumari miwili ya kutundika nguo, na mmoja ulikuwa mtupu.

"Alisikiliza vizuri," Hortense aliendelea. "Hakupiga kelele. Asubuhi alichukua sanduku na akachukua Bienfait, mutoto wetu wa kwanza, wakapanda gari ya kwenda Bukavu. Simu yake haipatikani."

"Mama Bienfait..."

"Ungekuja Jumatatu," alisema Hortense. Hakusema kwa hasira. "Ungekuja hata Ijumaa, baba. Ijumaa nilikuwa bado sijasema."

Maneno yote ya samahani ambayo Dawudi aliyabeba kutoka Nakawa hayakuwa na kazi tena. Mwanamke alimwonyesha kiti kwa mkono, kwa adabu tu, kwa kuwa mgeni hasimamishwi. Dawudi hakukaa. Alibaki pale mlangoni mpaka Hortense mwenyewe alipogeuza uso wake ukutani.