Saini ya Kuni

Kabla ya kuruhusiwa kuingia katika kiwanda cha nguzo za stima, wanafunzi ishirini na wawili wa afya ya mazingira, kutoka chuo kilicho upande wa Kesses, walivishwa helmeti, glavu, gambuti na barakoa. Ziara yenyewe ilikuwa ya dakika arobaini. Lynette Opondo alizifunga kamba za barakoa yake polepole, akimkumbuka marehemu baba yake, Jeconia, aliyefanya kazi katika ua huohuo miaka ishirini na mitatu, akizisukuma kwa mikono mitupu nguzo za stima zilizokuwa bado zinachuruzika dawa.

Afisa wa usalama, kijana mchangamfu aitwaye Lennox, aliwasimamisha mbele ya kizimba cha chuma kilichojaa vipande vya nguzo vyenye rangi ya ukijani.

"Dawa hii ina aseniki," alisema. "Ndiyo maana mchwa hagusi nguzo. Vipande hivi havitoki hapa, na mtu asijaribu kuvichoma. Ukichoma, sumu inabaki kwenye jivu, na jivu ni baya kuliko mti wenyewe."

"Na zamani?" Lynette akauliza.

"Zamani wafanyakazi walipewa bure, zawadi ya Krismasi." Lennox akacheka. "Watu hawakuwa wameelimika."

Wenzake walicheka, wakaandika. Lynette hakuandika. Alikuwa akiliona debe lililokaa chini ya meza ya mama yake huko Langas. Kuni za kiwandani zilikwisha mwaka baba alipostaafu, lakini jivu lake mama alilitunza kama mboni ya jicho. Bakuli moja lilitosha gunia zima la maharagwe, na fukusi hakuyasogelea. Majirani walipolia kwamba maharagwe yao yametobolewa, mama aliwapimia jivu kwa kikombe, akakataa hata kushukuriwa. Na Jumamosi hiyo alikuwa amepanga kumpelekea gunia Lorraine, dada yake Lynette, aliyekuwa na mimba ya miezi saba.

Ziara ilipokwisha, Lynette alijitambulisha, akaomba kuona faili la baba yake. Lennox, kwa moyo mweupe, akamtolea nakala ya ukurasa mmoja. Ulikuwa umeandikwa kwa Kiingereza: niliyetia saini hapa nimeelezwa madhara ya dawa hii, na sitatumia vipande vya nguzo nyumbani. Chini palikuwa na saini ya baba, kwa herufi kubwakubwa, na tarehe ishirini na mbili Desemba.

"Unaona?" Lennox akasema. "Kampuni ilimjulisha."

Mama alikuwa akipepeta maharagwe Lynette alipofika nyumbani. Alimweleza yote kwa utaratibu, kama walivyofunzwa darasani kuzungumza na wananchi. Mama alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye uteo.

"Kumbe chuo kinafundisha kuogopa jivu," alisema. "Nyanya yako aliweka maharagwe kwa jivu. Mama yake pia. Nani alikufa?"

"Jivu lao halikuwa la nguzo, Mama."

"Ndiyo, langu ni kali zaidi. Watu wote wanajua."

"Ni kali kwa sababu ya sumu."

Uteo ukatulia. Mama hakuwa mtu wa kuelezwa jambo mara mbili. Katika ugonjwa wa mwisho wa Jeconia, viganja vyake vilikuwa vimeota sugu ndogondogo kama punje za mtama. Hospitalini hakuna aliyemuuliza alifanya kazi gani, wala alikula nini. Mama ndiye aliyempondea maharagwe kila jioni ili apate nguvu.

"Baba yako alijua?"

Lynette alikuwa amejiapiza kutoionyesha ile karatasi. Akaitoa. Mama aliitazama saini, kisha tarehe.

"Hii siku naikumbuka. Alikuja na mkokoteni umejaa, anaimba. Akaniambia wamepangwa foleni: dirisha la kwanza unasaini, dirisha la pili unapewa kuni." Akaukunja ukurasa mara nne. "Alisaini kuni, nyathina, mwanangu. Hakusaini sumu."

Kesho yake mama alipita milango mitano, akiomba arudishiwe jivu alilogawa.

"Sumu gani, na tumekula miaka yote hii?" Ciru, jirani wa karibu, alimcheka. "Mama Lynette, sema tu umeanza choyo uzeeni."

Mama alizidi kumkingia debe mpaka akalimimina. Nyumbani, mama na Lynette waliyafunga maharagwe katika mifuko. Jivu ndilo lililowashinda. Wakilimwaga chooni, kisima kilikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Bustanini ndimo sukuma wiki ilimoota. Vitabu vya Lynette vilisema lizikwe katika shimo lililosakafiwa, na Langas haikuwa na shimo la namna hiyo.

"Wenyewe wako," mama akasema. "Tuwarudishie."

Langoni mwa kiwanda, mlinzi Githinji, aliyekuwa akila chakula cha mchana na Jeconia siku zote, alirudi nyuma hatua mbili alipoelezwa kilichomo ndani ya debe. "Pole, Mama Lynette. Weka hapo chini tu." Akampigia simu Lennox, naye akaja na barakoa usoni na fomu mkononi.

"Tutalipokea, Mama. Ni utaratibu tu: saini hapa."

Mama alishika kalamu, akaiinamisha, kisha akaizuia. "Lynette, nisomee. Yote. Kwa Kiswahili."

"Niliyeleta taka hii," Lynette akasoma, "nakiri kwamba ni mali yangu, imetoka nyumbani kwangu, na kampuni haihusiki..."

"Ni karatasi ya kawaida," Lennox akasema.

"Hata ile ya mume wangu ilikuwa ya kawaida."

Lynette akaigeuza fomu. Nyuma yake, akiwa ameiegemeza kwenye mfuniko wa debe, aliandika kwamba jivu hilo ni la nguzo za kampuni hiyo, ambayo iliwagawia wafanyakazi kuni zake siku ileile ilipowasainisha. Akampa Lennox kalamu.

Lennox alisoma, akasoma tena. "Mimi siwezi kusaini hii," alisema hatimaye. "Mpaka wakili wa kampuni aisome."

Mama akaketi chini kando ya debe, katikati ya lango, akaipanga leso yake magotini. Nyuma yao lori la nguzo lilikuwa likipiga honi.

"Mwite aje asome," akasema. "Polepole. Tuna siku nzima."