Saa Tisa ya Sydney

Gavan, msimamizi wa chumba cha dharura cha halmashauri, alimpigia Narelle simu kulalamika kwamba ukurasa wa vipimo vya mto haukubali kuprinti. Mvua ilikuwa inanyesha tangu jana. Narelle, fundi wa kompyuta, alimaliza chai yake ndipo akapanda ghorofani.

Hakuharakisha. Tangu wamzike kaka yake Damien wakati wa baridi, hakuna kilichomharakisha. Alikula, akalala, akaenda kazini. Baba yake, mzee Kel, aliishi kwenye kambi ya karavani, zile nyumba za magurudumu, kando ya mto, na wakipigiana simu walizungumzia mbwa tu.

"Karibu, mama wa makufuli," Gavan alisema. "Mmefunga kila kitu. Bado choo."

Narelle hakucheka. Alimwonyesha mstari wa buluu uliouzunguka ukurasa. Maana yake, alimweleza, ukurasa haufunguki hapa. Unafunguka kwenye kompyuta iliyoko Sydney, na hapa inaletwa picha yake tu, ili kama una virusi vibaki hukohuko. Ndiyo maana hauprinti. Wiki iliyopita mtu wa uhasibu alibofya tovuti bandia ya hali ya hewa, na Narelle akazitia tovuti zote za hali ya hewa ndani ya ulinzi huo. Ya mto ilikuwa mojawapo.

Gavan alisema kuprinti kunaweza kungoja, mradi maji hayajafika mita saba. Yakifika hapo, kambi ya karavani inahamishwa. Kipimo kilikuwa mita sita na robo, na kwa maneno yake ni kipya kabisa, cha saa tisa. Saa ya ukutani nayo ilikuwa imepita saa tisa kidogo.

Narelle alijaribu kuufungua ukurasa upya. Haukutikisika. Akatazama saa iliyoandikwa kwenye kona yake: saa kumi kasoro dakika chache. Akaitazama ya ukutani.

Sydney wanasogeza saa mbele majira ya joto. Huku Queensland hatusogezi, na kila mwaka kuna mtu anasahau.

"Hii ni saa tisa ya Sydney," alisema. "Kwetu ni saa nane. Picha imeganda."

Akatoa simu yake, akafungua ukurasa uleule bila mstari wa buluu. Huko pia kipimo cha mwisho kilikuwa cha saa tisa, lakini saa tisa ya hapa, na mto ulikuwa umepita mita saba.

Gavan akainua simu ya mezani na kuamuru kambi ihamishwe. Narelle alimwachia simu yake mezani aendelee kuangalia, akaazima ya Gavan, akatoka kwenye korido. Aliegemea ukuta. Alisubiri hofu ije, haikuja.

Mzee Kel alipokea akitafuna. Alipoambiwa kambi inahamishwa, alisema mto anauona dirishani na uko mbali, na Gavan na wenzake huogopa hata umande.

"Toka, Baba. Sasa hivi. Chukua mbwa."

"Unalia?"

"Silii."

Kel aliacha kutafuna. "Ungekuwa unalia ningesema unazidisha," alisema. "Tulipompoteza Damien uliongea hivihivi, bila chozi."

Narelle alisikia mlango wa karavani, kisha mbwa akibweka, kisha gari likiwaka kwa shida kama kawaida yake. Kel alisahau kukata simu. Narelle akasikiliza magurudumu yakisaga kokoto mpaka yakaingia lami.

Alirudi ndani, akaondoa tovuti ya mto kwenye ulinzi, akawaambia wote chumbani wazime kompyuta na kuziwasha tena ili picha zilizoganda ziondoke. Hakuna aliyekuwa amezima yake tangu Krismasi, walikuwa wanazifunga skrini tu na kwenda nyumbani. Mstari wa buluu ukatoweka.

Gavan alimrudishia simu yake. Akamwuliza kama mzee ametoka.

"Ametoka."

"Na wewe uko sawa?"

"Jaribu kuprinti," Narelle alisema.