Amelala Vizuri

Kila mchana, watoto wakishalazwa, simu ya kituo cha kulelea watoto ilitolewa kwenye droo ya Madam, mwenye kituo, ikaanza kazi yake ya kufurahisha wazazi. Aliyeandika ni Anti, mlezi wa watoto wadogo, lakini hakuna neno lililotumwa bila Madam kulipitia. Amekula vizuri. Amecheza vizuri. Amelala vizuri. Hata mtoto aliyeshinda akilia kama king'ora, mama yake aliambiwa leo amechangamka kweli. Wazazi walifurahi, na Madam alipenda sana wazazi wenye furaha.

Siku hiyo Anti aliandika habari za Kibonge, mtoto wa mwaka mmoja mwenye mashavu ya kuwatosha watoto wawili: "Bado amelala. Naona si kawaida yake."

Asubuhi Kibonge alikuwa ameanguka. Anti alimweka juu ya meza ya kubadilishia nepi, akageuka kuchukua nepi kavu, kugeuka tu, akasikia kishindo. Mtoto alilia kidogo, akatapika, kisha akanyamaza. Anti alimbeba mbiombio hadi kwa Madam.

"Ana nundu?"

"Hana, Madam. Ila ametapika."

"Kwani watoto hawatapiki? Mlaze apumzike."

Sasa Madam aliusoma ujumbe, akasonya. "Eti si kawaida yake! Unataka mama wa watu azimie kazini? Na hiyo 'bado' ya nini? Inatisha." Akaifuta kwa kidole gumba, akafuta na maneno ya mwisho, akaongeza neno lake alipendalo. Ujumbe ukaenda: Amelala vizuri.

Anti alikuwa na namba ya mama huyo kwenye simu yake mwenyewe. Angeweza kumpigia kutoka chooni, nani angejua? Lakini aliyegeuka pale mezani ni yeye, si Madam, na kazi nyingine hakuwa nayo. Aliogopa, basi. Jambo hilo halina jina zuri zaidi.

Mama Kibonge, aliyekuwa akifunga maboksi kiwandani, aliusoma ujumbe wakati wa mapumziko, akacheka peke yake. Usiku uliopita mtoto alimkesheza kwa meno. "Afadhali mwenzangu kapata usingizi," alimwambia jirani yake wa mezani, na jirani huyo alipoomba amshikie zamu mpaka jioni, akakubali bila kinyongo.

Alipokuja kumchukua, Kibonge hakuamka. Alimtikisa, akamwita kwa majina yote ya mapenzi aliyokuwa nayo, na kimkono kikaning'inia tu. Madam ndiye aliyewatafutia gari, tena haraka. Akamvuta Anti mkono mlangoni, akamnong'oneza: "Hapa hajaanguka mtu. Umenielewa?"

Hospitalini, ambako Anti alikwenda nao, daktari alimulika macho ya mtoto, moja, halafu la pili, akarudia la kwanza.

"Huyu ameumia kichwani. Alianguka lini?"

"Hajaanguka," alisema Mama Kibonge.

Daktari akamgeukia Anti, akamkazia macho.

"Usimwangalie hivyo dada wa watu, daktari!" Mama Kibonge alikuja juu. "Huyu hanifichi kitu. Kila siku ananiandikia. Soma mwenyewe!" Akamsogezea simu usoni.

Anti alitamani matusi kuliko utetezi ule.

"Alianguka," alisema. "Asubuhi. Kwenye meza ya nepi, mikononi mwangu."

"Asubuhi?" Daktari hakungoja jibu. Alimbeba mtoto, akaita watu, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Mama Kibonge hakupiga kelele. Anti alisubiri kibao, kingemsaidia. Kibao hakikuja.

"Niliandika kwamba bado amelala, dada," alisema. "Madam akaifuta 'bado'."

"Ningeiona hiyo, ningekuja mbio kwa miguu yangu."

Akaketi kwenye benchi, akaanza kupandisha ujumbe wa nyuma, mmoja baada ya mwingine, miezi mizima ya kula vizuri na kulala vizuri. Akafika kwenye ule wa siku Kibonge aliposimama kwa mara ya kwanza. Siku hiyo yeye alikuwa kazini. Aliwasomea ujumbe ule wenzake wote kiwandani, hata msimamizi.

"Na huu?" aliuliza. "Alisimama kweli, au mlimshikilia?"

"Alisimama mwenyewe, dada. Haki ya Mungu. Alishika kiti, akakiachia, akacheka."

Ilikuwa kweli tupu. Anti alikuwapo, alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma. Mama Kibonge alimtazama mdomo wakati akisema, akaitazama simu, akamtazama tena.

"Sijui," alisema. Akaifunika simu mapajani, akageuza uso kuelekea mlango uliofungwa.