Una la Ziada?

Kila asubuhi nilivaa koti la marehemu baba, nikatoka kusoma kipima mvua, kisha nikarudi ndani kuinua simu ya upepo.

"Msituni, Msituni, Mlimani naita."

Aliyejibu alikuwa kaka yangu, huko chini kabisa mto wetu unakopotelea kwenye miti. Tulipeana vipimo vya mvua, kisha mmoja akauliza, kama sheria ilivyotaka, "Una la ziada?" Mwingine akajibu, "Sina." Vituo vyote vya hali ya hewa vilikuwa vinasikiliza, na maongezi ya nyumbani hayakuruhusiwa. Kaka alishuka huko baada ya kumzika baba, akasema ni kwa msimu mmoja tu. Misimu ikapita. Kila siku nilitaka kumwambia arudi, na kila siku nilisema sina la ziada.

Asubuhi hiyo ikajibu sauti nisiyoijua. "Mwenzangu yuko hoi kwa homa. Toa vipimo."

Nikatoa vipimo, halafu nikamwomba bosi ruhusa.

Nilishuka na lori la viazi. Nyumbani macho yangu yalizoea kwenda mbali, kilele hadi kilele. Kadiri tulivyoshuka, miti ilisogea, ikabana, mpaka macho yakakosa pa kwenda. Nilivua koti, kisha sweta, kisha soksi. Mvua haikuwa inanyesha, lakini majani yalidondosha maji tu. Dereva alinishusha barabara ilipoishia, akageuza lori, nikabaki na furushi langu na kelele za wadudu. Sijawahi kujiona mdogo vile.

Mlangoni mwa kituo alisimama fundi mitambo, mwenye ile sauti ngeni.

"Kumbe Mlimani ndiye wewe? Mimi nilitegemea jimama. Sauti yako imekuzidi kimo."

"Shikamoo," nikasema.

Chumba cha kaka kilinuka ukungu. Taulo lilining'inia bila dalili ya kukauka, na viatu vilikuwa vimeota kijani. Ndani ya chandarua alilala kaka, amekonda, lakini homa ilikuwa imeanza kushuka.

"Umefuata nini huku, mdogo wangu?"

Nikafungua furushi. "Mama amekufumia sweta."

Alicheka hadi akakohoa. "La sufu? Huku? Mnataka kunichemsha?" Lakini alilichukua, akalinusa, akaliweka chini ya kichwa.

"Huko kumenyesha?" akauliza.

"Kidogo."

"Huku kubwa."

Hakuna kituo kilichokuwa kinatusikiliza, na bado hatukuwa na maneno mengine. Nililala kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nikiwa mpweke kuliko nilivyokuwa mlimani.

Kulipokucha nilisoma kipima mvua badala ya kaka, nikarudi chumbani kwake ilipokuwa simu ya upepo, nikaita Mlimani. Bosi akapokea vipimo, akauliza kama nina la ziada. Nikajibu sina, nikazima mtambo. Nilibaki nimeutazama, mgongo kwa kaka.

Nyuma yangu chandarua kikachakarika.

"Mlimani, Mlimani, Msituni naita," kaka alisema kwa sauti iliyokauka, nusu utani. "Una la ziada?"

Sikugeuka. Ningeuona uso wake nisingeweza kusema.

"Ninalo," nikasema. "Rudi nyumbani, kaka. Mimi na mama peke yetu hatuiwezi ile nyumba."