Barua ya Bi Hocking

Admirali Tresidder alistaafu na nishani kifua kizima, akapata na nyumba inayotazama bandari ya Falmouth, lakini birika lenye filimbi hakuliruhusu jikoni kwake. Pascoe, mtumishi aliyekuwa naye melini tangu vitani, aliwaambia wageni kuwa ni desturi ya mabaharia: ukipiga mbinja melini unaita dhoruba. Wageni walicheka, yakaisha. Mzee naye aliwaacha waamini hivyo, maana ukweli ulikuwa unamtia hofu.

Jumanne moja baada ya chakula cha mchana akaja Bi Hocking, muuza samaki wa Penryn. Mwanawe alizama na manowari ya kikosi cha Admirali mwaka 1942. Hakuigusa chai aliyopewa. Alitoa barua iliyochakaa mikunjoni, akaiweka mezani.

"Hii uliandika wewe?"

"Mimi, Bi Hocking."

"Umesema mwanangu alikufa papo hapo, hakuteseka. Na Bi Rowe wa Truro umemwandikia hivyo hivyo, mpaka nukta. Nikajiuliza, watoto wetu walikufa wameshikana mikono?"

Pascoe alikohoa mlangoni. "Mheshimiwa anachoka upesi, mama."

"Hata mimi nimechoka, Pascoe. Mwaka wa tisa huu." Akamgeukia tena Admirali. "Kesho fundi anachonga maneno yako kwenye jiwe kanisani. Kama ni ya uongo, sitaki kupiga magoti mbele yake. Niambie."

Angeweza kushikilia kuwa ndivyo ilivyokuwa. Makamanda wote waliandika barua za namna hiyo, wakaona wanawahurumia akina mama. Yeye aliandika arobaini na moja kwa jioni mbili, kwa mwandiko mzuri, na alipomaliza alikula akashiba. Kushiba kule kulimtia aibu kuliko jambo lolote alilofanya vitani.

"Hawakufa papo hapo," alisema. "Meli yao ilipopigwa, waliruka majini wazima. Kila jaketi la kuokolea lilikuwa na filimbi, nao wakazipuliza ili tuwaone. Tuliwaona. Tukapunguza mwendo. Kisha nikaambiwa kuna nyambizi chini yetu, na nilikuwa na watu mia sita kwenye meli zangu. Nikaamuru tuondoke."

"Walijua mnawaacha?"

"Walijua. Filimbi zilizidi. Nazisikia mpaka leo, hata nikiwa mezani."

Mikono ya Bi Hocking, myekundu kwa chumvi na barafu, ilikuwa imetulia mapajani. Admirali alitamani mama huyo amtukane. Angekuwa na cha kujibu.

"Leta karatasi," Bi Hocking alisema.

"Ya nini?"

"Uniandikie barua nyingine. Ya mwanangu, si ya watoto wa watu wote. Andika ulivyoniambia sasa hivi. Nitampelekea fundi kesho aone hakuna cha kuchonga."

Pascoe alileta karatasi na wino bila kuinua macho. Admirali alivaa miwani, akaandika tarehe, akaandika jina lake Bi Hocking. Kisha akaanza, "Mwanao," kalamu ikasimama. Alitazama karatasi, akatazama barua ya zamani, akaisoma yote kutoka juu hadi chini. Hakuna alichokipata.

"Samahani," alisema kwa sauti ndogo. "Aliitwa nani?"

Bi Hocking aliichukua barua ya zamani, akaikunja, ndipo akamtajia.