Moto wa Mtu Hauguswi

Nélida alimwekea shemeji yake Evaristo kinyongo mwaka mzima, na wala hakuchoka kukibeba.

Pasaka iliyopita, walipopiga kambi kando ya ziwa kama kila mwaka majani yanapokuwa mekundu, baba yake Nélida, mzee don Belisario, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, alimkabidhi binti yake moto wa kuchomea kondoo. Katika ukoo ule mwanamke alikuwa hajawahi kupewa moto. Na kule kwao moto wa mtu hauguswi: huongezi ukuni, huchochei, hata ushauri unaumeza. Nélida alipokwenda ziwani kunawa, Evaristo akausukumia magogo matatu. Nyama ikaungua. Ukoo mzima ukacheka, na aliyecheka kuliko wote ni yeye Evaristo: "Moto na sketi, wapi na wapi!" Nélida aliyaona yale magogo, akajua ni nani. Ushahidi hakuwa nao, basi akanyamaza. Mwanamume mzima, na masharubu yote yale, kuvizia moto wa mtu!

Sasa Jumapili moja ya Machi ndugu wakaja kumtembelea Nélida na kupanga safari. Walifurahi kuonana, hilo halina ubishi. Dada yake Mirta, mkewe Evaristo, kaja na keki; kibuyu cha mate, ile chai chungu ya kwao, kinazunguka mkono kwa mkono; huyu ataleta hema, yule mablanketi.

"Na kondoo atachoma nani?" Mirta akauliza.

"Mwaka huu apewe shemeji," Nélida akasema, huku akimjazia kibuyu. "Mimi nilishaaibika. Tena asiingiliwe na mtu. Moto wake, peke yake."

Evaristo akakohoa. Maisha yake yote amechoma soseji tu, uani kwake. "Labda tushirikiane, shemeji..."

"Tushirikiane nini, bwana? Au unaogopa?"

Watu wakamtazama. Mwanamume wa kule heri umwambie hana suruali kuliko umwambie hajui kuchoma nyama. Evaristo akavuta masharubu, akakubali. Alijitakia mwenyewe.

Jumamosi ya Pasaka baridi ilikuwa kali. Evaristo akamtunga kondoo mtini, akamsimamisha karibu mno na ndimi za moto. Nélida akaona, akakaa zake kitini, anatafuna jibini. Kufika saa saba ngozi ilikuwa nyeusi tii. Saa tisa wakaipasua nyama, ndani mbichi, damu inachuruzika. Evaristo alikuwa akitokwa jasho na baridi yote ile.

"Shemeji, nisaidie," akamnong'oneza.

"Niguse moto wako? Mimi nimefunzwa adabu."

Alifurahi, uongo wa nini? Alifurahi mpaka kwenye vidole vya miguu. Watoto walikuwa wakilia njaa, naye aliwaonea huruma, lakini hakuinuka.

Kisha don Belisario akajikokota mpaka alipokaa Nélida, blanketi mabegani. "Mwanangu, nina njaa. Nenda kaurekebishe ule moto."

"Si wangu, baba."

"Umeshalipiza, yatosha. Yale magogo najua aliyatia yeye. Nilimwona."

Nélida akaacha kutafuna. "Ulimwona?"

"Kwa macho yangu. Lakini yule ni mkwe, na mkwe ni mgeni. Ningemwaibishaje mbele za watu? Wewe ni wa nyumbani, unavumilia."

Nélida alikumbuka jinsi mzee alivyokuwa ameketi palepale mwaka jana, wakati ukoo mzima unamcheka binti yake, naye kimya, akila mkate. Mwaka mzima amemchukia mtu mmoja, kumbe walikuwa wawili.

Akasimama, akamwekea baba yake blanketi vizuri, akalifunga shingoni asipate baridi.

"Basi baba," akasema kwa upole, "mgeni wako akulishe."

Akabeba kiti chake na jibini lake, akaenda kukaa kando ya maji.