Duma Wasio na Undugu

Maabara yetu ina sheria moja ambayo hata mfagiaji anaijua: lebo ya kichupa huandikwa kwa penseli. Vipande vya ngozi na nyama tunavihifadhi kwenye spiriti, na spiriti haina adabu. Ikivuja tone moja tu, wino wa kalamu unafutika wote. Nimewagombeza wengi kwa sheria hiyo, ndiyo maana naona aibu kusimulia haya.

Jumatatu asubuhi mlishaji wa duma alileta katoni iliyofungwa kwa kamba. Ndani, juu ya taulo, alikuwamo mtoto wa duma wa wiki tatu, mwepesi kama soksi. Alikuwa wa saba kufa, wote wa baba na mama walewale, wote kwa kuharisha na kudhoofu. Nilimpa mzee kiti akakikataa. Alinieleza kwamba wakubwa wa hifadhi wanasema aliwapa watoto maziwa yaliyochacha, na Ijumaa ataitwa kujieleza. Miaka ishirini na sita amelisha duma, sasa anasubiri kutolewa getini kama kibaka.

"Mpime, mama," alisema. "Kama ni mkono wangu ulioua, niambie wewe kabla hawajaniambia wao."

Nilimpima, nikapima upya na damu ya wazazi wake. Jumatano majibu yalitoka. Baba na mama wa yule mtoto walikuwa ndugu wa tumbo moja. Watoto wa namna hiyo hurithi udhaifu uleule kutoka pande zote mbili, na ugonjwa mdogo tu unawamaliza.

Lakini cheti kilichowakutanisha kilisema hawana undugu, na sahihi yake ilikuwa yangu.

Nilikwenda kabatini kutafuta vichupa vya miaka minne iliyopita. Wakati ule hifadhi ilikuwa na dume mmoja na majike wawili wa kuchagua, wote yatima waliookotwa bila kumbukumbu za maana. Siku tuliyochukua vipande vya ngozi zao, penseli yangu ilikatika ncha, nikaona uvivu kutafuta kichongeo, nikaandika kwa kalamu. Spiriti ikavuja. Lebo za wale majike zikawa madoa mawili ya bluu, nami nikaziandika upya kwa kukisia, nikijiambia nakumbuka kipi kilikuwa kushoto. Sikukumbuka. Jike asiye ndugu tulimkataa tukidhani ni dada, na dada tukampeleka kwa kaka yake.

Nilimweleza mkuu wa maabara. Alifunga mlango, akaanza kunisomesha nisichohitaji kusomeshwa: kwamba yapata miaka elfu kumi iliyopita duma nusura watoweke duniani, kwamba waliopo leo wametokana na wachache waliosalia, na damu zao zinafanana hivi kwamba ngozi ya mmoja imewahi kubandikwa kwa mwingine asiye wa ukoo wake, ikashika.

"Andika hivyo," alisema. "Udhaifu wa asili, kwa hiyo wanahitaji malisho ya uangalifu mno. Ni uongo huo? Funika kombe mwanaharamu apite."

Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililonichefua. Angenipa uongo ningeukataa hapohapo. Alinipa ukweli wa kujifichia, na hayo malisho ya uangalifu yangemrudia mzee shingoni. Nakiri niliuandika. Niliusoma mara mbili, ukapendeza, nikauchana.

Alhamisi nilimpelekea mzee ripoti ya kweli, yenye kosa langu na jina langu. Alikuwa anakata nyama kando ya uzio. Alifuta mikono, akasoma polepole hadi chini. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Huyu jike alimkataa dume wake," alisema. "Miezi mitatu anamgeuzia mgongo, anamrarua usoni. Mimi nikasema ana maringo. Nikawafungia banda moja, nikamnyima pa kukimbilia, kwa sababu karatasi yako ilikuwa na muhuri."

Nilimwambia kosa si lake, ni langu. Aliikunja ripoti itakayomwokoa, akaiweka chini ya ndoo isipeperuke, akashika kisu chake tena.

Jike alikuwa anazunguka bandani, anainusa kona yenye majani makavu walipokuwa wakilala watoto. Duma hangurumi kama simba. Akiita wanawe hulia kama ndege, mlio mfupi mwembamba, kisha hutega sikio. Aliita, akatega, akaita tena.

"Tangu Jumatatu," mzee alisema bila kuinua macho. "Mimi umeshaniambia. Sasa mwambie na yeye."

Nilibaki nimesimama pale uzioni mpaka nyama ikaisha kukatwa.